Siku kumi na moja bila bima

Shikamooni wazee, na wengine habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie bima ya gari, na najua kilichowaleta: kila miezi sita barua inafika, bei imepanda. Mimi nauza bima hapa hapa Houston, kwa hiyo nisikilizeni mkijua ninakula wapi.

Naanza na karatasi hii. Jina nimelifuta kwa wino. Ni ya kijana wetu mmoja, dereva mzuri. Kadi yake ya benki iliisha muda, malipo ya mwezi yakagoma. Kampuni ikamwandikia; yeye alikuwa safarini, bahasha zikalala juu ya friji pamoja na matangazo ya pizza. Bima ikafutwa. Alipokuja kustuka, ameendesha siku kumi na moja hana bima. Hakugonga mtu, hakusimamishwa na polisi. Lakini alipokwenda kununua nyingine, tayari alikuwa kwenye fungu la madereva wa hatari, na bei aliyotajiwa ilimfanya aulize kama ni pamoja na gari.

Wengi mnadhani dereva wa hatari ni mlevi au mgongaji. Wamo, ndiyo. Ila wengi ninaowahudumia mimi wameingizwa humo na pengo kama hili. Kwetu tulizoea kulipia mwaka mzima, stika kiooni, basi, umesahau. Hapa unalipa kidogo kidogo, na kila mwezi ni nafasi nyingine ya kuteleza. Na usidhani hawakuoni. Texas ina mfumo unaoitwa TexasSure: polisi akiingiza namba ya gari, anaona kama ina bima. Ukikamatwa mara ya kwanza huna, faini ni dola 175 hadi 350. Ukirudia, 350 hadi 1,000, na leseni inaweza kusimamishwa.

Hapo ndipo watu wanakutana na SR-22. Nikisema neno hilo naona nyuso zinabadilika, kwa hiyo niliweke sawa: SR-22 siyo bima. Ni fomu. Kampuni yako inaipeleka kwenye idara ya serikali inayotoa leseni, kuthibitisha kwamba una bima. Hapa Texas unakaa nayo miaka 2 tangu siku ya hukumu. Ubaya wake ni huu: bima ikikatika, kampuni hiyo hiyo unayoilipa ndiyo inayopeleka habari serikalini. Anayekuchongea ni wa nyumbani. Leseni inasimamishwa, na kuirudisha kuna ada yake.

Sasa mtu ananiambia, "Kaka, nimeuza gari, bima ya nini?" Akafuta. Kumbe SR-22 bado inamdai! Ipo bima ya dereva asiye na gari. Kwa kawaida ni nafuu kuliko ya gari, na inatosha kushikilia hiyo fomu.

Kuhama kampuni siyo kosa, mimi mwenyewe nawahamisha watu kila wiki. Lakini nunua mpya kwanza, uishike mkononi, uone tarehe inaanza siku ile ya zamani inapoisha, ndipo uwapigie wa zamani. Watu wanafanya kinyume, wanafuta Ijumaa wakisema Jumatatu nitatafuta.

Tiketi ya mwendo kasi usikimbilie kuilipa. Ukilipa umekiri, na kosa linaingia kwenye rekodi. Omba mahakama, kabla ya tarehe uliyoandikiwa, ikuruhusu kusoma kozi ya udereva wa kujihami. Ni saa 6, unasoma hata kwenye simu. Ukifaulu, kosa linafutwa. Haitolewi zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12, wala kama ulizidisha maili 25 au zaidi. Na ninyi wa malori, naona mko nusu ya ukumbi, samahani: mwenye leseni ya kuendesha magari ya biashara, ile CDL, haruhusiwi, hata kama alikuwa kwenye gari lake dogo.

Kuhusu kupunguza bei, naomba msiguse kwanza ile sehemu ya kuwalipa wengine. Kima cha chini cha sheria hapa ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali. Tokeni nje mtazame yale magari kwenye maegesho. Ngapi hapo zinanunuliwa kwa 25,000? Afadhali gari lako kuukuu ukubali kujilipia zaidi mwenyewe likiharibika.

Kampuni zikipanga bei huangalia pia rekodi yako ya mikopo. Na kama iliharibika kwa sababu ya kufiwa na mume au mke, ugonjwa mkubwa, talaka au kupoteza kazi, sheria ya Texas inakuruhusu kuiandikia kampuni wakufikirie. Hawatakukumbusha. Wewe ndiye wa kuomba.

Naam, mama, nimeuona mkono. Umekataliwa kabisa? Na kampuni ngapi? Mbili. Basi una haki ya kupitia mpango wa TAIPA: unapangiwa kampuni, na kampuni hiyo haina hiari, lazima ikupokee. Siyo rahisi, na ni bima ya msingi tu, lakini utaendesha kihalali. Hizo barua mbili za kukukatalia unazo kwenye pochi? Njoo nazo hapa mbele.