Jinsi ya kuonja bia nzito nyeusi ya Ubelgiji na kuipa alama

Karibuni, watazamaji wangu. Video hii ni ya watu wazima. Mezani nina chupa moja tu, ndogo, ya mililita 330: Rochefort 10, inayopikwa ndani ya Abasia ya Saint-Rémy, yaani nyumba ya watawa, kusini mwa Ubelgiji. Kileo chake ni asilimia 11.3. Piga hesabu kabla hujafungua: ndani ya chupa hii mna kileo cha chupa moja na nusu za nusu lita, za ile bia ya kawaida ya asilimia 5. Kwa hiyo leo tunaonja. Tuko wanne, chupa hii inatutosha sote, na hakuna atakayeshika usukani baada ya hapa.

Tuanze na baridi. Chupa nimeitoa kwenye friji nusu saa iliyopita, nataka ifike kama nyuzi 12. Najua wengi wetu bia tunaitaka baridi mpaka chupa itoe jasho. Kwa bia hii utakuwa umejinyima. Ikiwa baridi sana, harufu zinalala, unabaki na utamu na ukali peke yake.

Glasi iwe ya mguu, yenye tumbo pana. Ukikosa, ya mvinyo inafaa kabisa. Isuuze vizuri, maana mabaki ya sabuni na mafuta huua povu.

Sasa namimina. Angalia mkono wangu: chupa haitikiswi, glasi imelazwa, bia inateleza ubavuni polepole, na mwishoni naisimamisha ili povu lipande. Naacha kama upana wa kidole chini ya chupa. Humo kuna hamira, kwa sababu bia hii huchachuka tena ndani ya chupa baada ya kufungwa. Chupa iweke wima pembeni, tutairudia.

Upesi, pua kwanza, kabla hata hatujasifu rangi. Harufu nyepesi hutoroka dakika za mwanzo. Zungusha glasi kidogo, vuta pumzi fupi mbili tatu, pumzika, rudia. Mimi napata tende zilizoiva sana, zabibu kavu, halafu kwa mbali karafuu na pilipili manga. Hakuna tende wala karafuu iliyotiwa humu! Ni kazi ya hamira, ambayo kwa bia za aina hii huachwa ifanye kazi kwenye joto. Wazungu hapa huandika plamu na tini. Wewe andika unachokinusa. Kama ni tende, andika tende. Kama ni sukari guru, andika sukari guru. Pua iliyokulia kwenye pilau na halua haihitaji kuazima maneno.

Na harufu mbaya je? Boksi lililolowa maji: hewa imeingia, bia imezeeka vibaya. Dawa ya kufutia rangi ya kucha: uchachushaji ulikwenda kwenye joto kupita kiasi. Siki: bakteria wameingia. Zote hizo zinakatwa alama bila huruma.

Rangi tusiikalie sana. Inue glasi kwenye mwanga: kahawia yenye wekundu, kama chai ya rangi iliyokolea. Kwenye fomu ya BJCP, shirika la Marekani linalofunza na kuwapima waamuzi wa bia, fomu inayotumiwa kwenye mashindano mengi, mwonekano una alama 3 tu kati ya 50. Harufu ina 12, ladha 20, jinsi inavyojaa mdomoni 5, na 10 zilizobaki ni za bia kwa ujumla.

Ladha ndiyo kesi yenyewe. Piga funda dogo, lizungushe ulimini, kisha limeze; usiteme, kwa sababu hukumu iko mwishoni. Hesabu mpaka kumi. Je, midomo inanata kama umekunywa sharubati? Kata alama. Koo linaungua kama umemeza gongo? Kata. Bia iliyopikwa vizuri inanukia utamu lakini inamalizia kavu, na joto lake linafika kifuani taratibu, baada ya wewe kusahau kwamba kuna kileo.

Hapa wengi huelewa kinyume. Wakisikia bia imetiwa sukari, wanadhani ndiyo iliyoleta utamu. Wabelgiji hutumia sukari, mara nyingi ya kiazisukari, na kwa bia nyeusi wengi hutia sharubati yake iliyopikwa mpaka ikawa nyeusi. Hamira huila karibu yote, ikaigeuza kileo na gesi. Kinachobaki ni ule uchungu mtamu wa sukari iliyoungua. Nguvu yote hii ingetoka kwenye kimea peke yake, ungekuwa unakunywa uji.

Ukitaka kujipima kweli, tafuta Westvleteren 12, ya asilimia 10.2, na St. Bernardus Abt 12 ya asilimia 10, kutoka kijiji cha Watou, hukohuko Ubelgiji. Kiwanda cha Watou kilipika bia za abasia ya Westvleteren kwa leseni kuanzia 1946 hadi 1992, kwa hiyo hizi ni ndugu. Mwenzako amimine wewe ukiwa chumba kingine. Westvleteren ni adimu na sifa zake zimevuma, na sifa huongeza alama ambazo ulimi haukutoa. Nakuomba usiruke zoezi hili.

Dakika ishirini zimepita, glasi imepata joto la kiganja. Nusa tena. Mimi sasa napata kitu kama ngozi ya kiatu kipya, na chokoleti ambayo mwanzo haikuwepo. Andika na hilo. Halafu chukua chupa, itikise kidogo, mimina yale mashapo kwenye tone la mwisho: bia inakuwa na ukungu, ladha ya mkate inapanda, na ukavu unapungua. Linganisha na funda la kwanza, ndipo uandike jumla yako.