Michikichi ya wazee ipimwe kabla ya shoka

Wazee wangu shikamooni, wengine hamjambo. Michikichi ya zamani hapa Kigoma inakatwa, nami nasema tuipime kwanza. Nimekuja na kisu na machikichi mawili tu.

Hili nimeliokota Simbo asubuhi. Nalipasua katikati. Nyama ni haba, kifuu ni kinene. Hiyo ni dura, mchikichi wetu wa asili. La pili ni tenera: nyama imejaa, kifuu chembamba, na sogeeni mtazame, kuna vidoti vyeusi vya nyuzi vimezunguka kokwa. Shikeni vidoti hivyo. Unene wa kifuu peke yake hudanganya.

Mwaka 1941, ng'ambo huko Kongo, watafiti Beirnaert na Vanderweyen wa Yangambi walionyesha kuwa tenera ni mtoto wa dura na pisifera, aina isiyo na kifuu ambayo mara nyingi mikungu yake huozea mtini. Ndiyo maana tenera akichavushwa na tenera mwenzake, ukiotesha kokwa zake, katika kila miche 4 kwa wastani 1 ni dura na 1 pisifera. Anayewauzia miche ya namna hiyo anawauzia bahati nasibu.

Lakini dura asionewe, maana ndiye mama. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia, upande wa mama, yametokana kwa sehemu kubwa na michikichi 4 iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Ukoo finyu mno! Ndiyo maana wataalamu wa mbegu hurudi Afrika. Dura za Tanzania zilifika hadi Costa Rica, zikachavushwa kwa chavua ya Ekona, Kamerun, zikazaa michikichi inayostahimili baridi ya miinuko. Sisi tuko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, na miti yetu imezoea.

Sasa kupima. Niliwahi kuona mti mmoja umebeba mikungu hadi nikaona haya kwa niaba ya jirani zake. Nikaupigia alama, nikausifu kikaoni. Baadaye mama mwenye shamba akacheka: "Mwanangu, si hapo tunapokamulia mawese? Majivu na makapi yote tunamwaga hapo." Nilikuwa nimepima jalala.

Kwa hiyo hatupimi mti mmoja, wala msimu mmoja. Mchikichi huenda kwa zamu: mara maua dume, mara jike. Hesabu mikungu, pima uzito, kwa miaka 4 hivi. Pukuchua matunda, tenga nyama, kifuu na mise, yaani kiini cha ndani ya kifuu, kila kimoja mizanini. Pima pia mti umerefuka kiasi gani kwa mwaka. Anayekwea kukata mikungu anajua kwa nini. Na msiseme "wa Simbo wako hivi, wa Ujiji vile." Mchikichi huchavushwa na mwingine, hivyo ndugu wa shamba moja huweza kutofautiana zaidi kuliko vijiji viwili.

Kesho saa moja asubuhi tuko Mwandiga, kwenye shamba litakalokatwa wiki ijayo. Njoni na panga na mizani. Rangi ya kupigia alama ninayo.