Ibara ya 4 Haikatazi Mnachodhani

Ndugu zangu wa Mwanza, nitalirudia hili hadi nichoshe. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 haukupiga marufuku silaha zote angani. Someni Ibara ya 4. Mwezini na kwenye sayari nyingine, hakuna kambi za kijeshi wala majaribio ya silaha. Kwenye mzunguko wa dunia, kinachokatazwa ni kuweka silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi ya umati. Basi. Kombora la kawaida likirushwa kutoka ardhini kuvunja setilaiti, ibara hiyo haina neno. Hata kombora la nyuklia linalokatiza tu angani kuelekea mji wa watu, kwa kuwa halikuwekwa kwenye mzunguko, hupenya kama dagaa kwenye wavu wa sangara.

Marekani, Urusi, China na India zote zimeshavunja setilaiti zao wenyewe kwa majaribio. Tazameni kimo, maana kimo ndicho huamua madhara. China ilipiga Januari 2007, kwenye kilomita 865 hivi. Hewa huko ni haba mno kuvirudisha vipande chini, na katika zaidi ya 3,000 vilivyoonekana kwa rada, vingi vingali vinazunguka. India, Machi 2019, ilipiga karibu kilomita 300. Vingi viliungua ndani ya miezi, ingawa vingine vilirushwa juu zaidi vikakawia. Urusi, Novemba 2021, ilizalisha zaidi ya 1,500, na wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu wakakimbilia kwenye vyombo vyao vya kurudia. Warusi wenyewe wakiwemo!

Najua kuna anayenong'ona: watu wa ziwani yanatuhusu nini? Meli iendayo Bukoba hutazama GPS, yaani setilaiti zinazoonyesha mahali na saa. Minara mingi ya simu hulinganisha saa zake kwa GPS. Na GPS huendeshwa na jeshi la Marekani, ndiyo hiyo hiyo inayoongoza mabomu yake. Kwa hiyo vitani yaweza kuwa shabaha halali. Kinachobaki kumzuia kamanda ni kanuni ya uwiano, Ibara ya 51 ya Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita: madhara kwa raia yasizidi mno faida ya kijeshi inayotarajiwa. Raia hao si wa nchi adui peke yao. Abiria wa Ukerewe naye ahesabiwe, na hoja hiyo ni sisi wa kuipeleka mezani, hakuna atakayetupelekea.

Mwingine atasema: "Wakubwa hawajali sheria." Kama hawajali, mbona Aprili 2024, kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Urusi ilihangaika kutumia kura ya turufu dhidi ya azimio la kuzitaka nchi zisiweke silaha za nyuklia angani? Desemba 2022, kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nchi 155 ziliunga mkono azimio la kusitisha majaribio ya kuvunja setilaiti kwa makombora. Halifungi kisheria, sawa, lakini lipo.

Udukuzi na kuvuruga mawimbi nauruka. Mkataba wa 1972 wa fidia kwa madhara ya vyombo vya angani pia, muda umeniishia. Maswali sasa, na tafadhali lisianze na "Je, Marekani itakubali?"