Punda wa Shakespeare Aingia Langoni

SHEE: Asalaam aleikum wasikizaji. Bi Mwana sauti imemkauka, na si mafua.

MWANA: Waaleikum salaam. Ni watoto wangu wa darasani, wenye usonji. Juzi tulicheza michezo ya Kelly Hunter, mwigizaji wa Uingereza aliyezigeuza tamthilia za Shakespeare kuwa michezo ya watoto kama hawa. Mwakaa duara, mwajipiga kifuani kwa kiganja, tu-TU, tu-TU, kama moyo, huku mwaamkiana: kwa hasira, kwa furaha, kwa hofu. Ndio mwendo wa mashairi ya Shakespeare, kila mstari mapigo matano, mizani kumi.

SHEE: Kumi? Kama Inkishafi!

MWANA: Kama Inkishafi. Sasa, kuna kijana mmoja hasemi, kajibanza ukutani. Nje punda akalia.

SHEE: Wa nani?

MWANA: Shee! Kijana akamjibu vile vile, hata ile pumzi ya kuvuta ndani. Duara zima likamfuata.

SHEE: Mlio wa kuchoka au wa njaa? Maana iko tofauti.

MWANA: Nikaona nishike hapo hapo. Kuna tamthilia ya Shakespeare ambamo Bottom, mfumaji, anapewa kichwa cha punda, na malkia Titania akiamka tu anampenda. Hunter ana mchezo wake: ukiona umpendaye, macho yanakuchomoka, “doyoyoyoing!”

SHEE: Malkia ampende punda? Huyo Bottom angeshuka Lamu angebebeshwa mchanga siku ile ile. Na akiumia, zahanati ya punda ipo tangu 1987.

MWANA: Tutatoka kwa punda lini?

SHEE: Haya, tutoke. Hayo macho. Mbona mwamfundisha kutazamana? Mimi nilikuwa nikimkazia mtu mzima macho, nala kofi.

MWANA: Hashurutishwi. Akitaka anaingia, hataki anakaa ukutani. Chuo Kikuu cha Ohio State walifanya utafiti kwa michezo ya The Tempest, tamthilia yake nyingine Shakespeare, wakaona watoto wamesogea katika kuchangamana na wenzao.

SHEE: Kipimo ni kufanana na sisi, basi. Na mumechagua tamthilia gani! Humo Kaliban, mwenyeji wa kisiwa, kafundishwa lugha na waliomtwalia kisiwa chake, na faida aliyoiona ni kujua kulaani.

MWANA: Kaliban hakualikwa kucheza, alitumikishwa. Huyu wangu anataka kucheza na nduguze, na hajui pa kuingilia.

SHEE: Nduguze nao wafundishwe kumwendea yeye.

MWANA: Duara si ndilo hilo? Wote walilia kama punda!

SHEE: Siku moja. Kesho ataambiwa “nitazame”.

MWANA: Si kwangu.

SHEE: Kwa mwalimu atakayekufuata.

MWANA: Hapo hatupatani.

SHEE: Hatupatani. Na yale mambo ya kuwafaa walimu, uliyoyaandika?

MWANA: Karatasi nzima! Wakati wake umeula kwa maswali yako ya mwenye punda.

SHEE: Magharibi hiyo yaadhiniwa. Wiki ijayo.

MWANA: Wiki ijayo ni maji ya chumvi visimani, tumeshaahidi.

SHEE: Basi ile nyingine. Kwaherini.