Mzee Liang kwenye foleni ya mafuta

Ndugu zangu, nianze na mzee mmoja aliyepanga foleni kununua mafuta ya kula. Ni baridi ya mwaka 1953, mkoani Shaanxi, China. Mzee Liang amevaa nguo mpya nene za pamba, nguo alizozitamani miaka nenda rudi. Watu wanamtambua: kumbe huyu ndiye baba wa mwenyekiti wa ushirika! Wanampisha hadi mbele. Anapewa mafuta yake ya soya, machozi yanamtoka, kisha anapita katikati ya wakulima wenzake kwa hatua za mtu mzito.

Hapo ndipo inapoishia juzuu ya kwanza ya riwaya ya Liu Qing, *Chuangye shi*, yaani Historia ya Kujenga Maisha, iliyotoka kitabu mwaka 1960. Nimeichagua kwa sababu imenisumbua sana katika suala letu la leo, la hadithi na itikadi.

Mwaka 1942, kule Yan'an, ngome ya Wakomunisti wa China wakati huo, kiongozi wao Mao Zedong aliwaambia waandishi kwamba fasihi ni ya wafanyakazi, wakulima na askari, na kwamba kipimo cha siasa kinatangulia kipimo cha sanaa. Wengi wetu tukifika hapo tunafunga jalada. Lakini aliwaambia pia: nendeni mkakae na wananchi, tena muda mrefu. Liu Qing alilitii neno hilo kuliko wengi. Mwaka 1952 alihamia wilaya ya Chang'an, akakaa katika kijiji cha Huangfu miaka 14. Malipo ya kitabu, yuan 16,065, aliyatoa yote kwa komuni, yaani ushirika mkubwa wa vijiji vya pale. Huyu si mtu aliyeandika kwa kushurutishwa.

Sasa tazameni kilichotokea. Shujaa wake, Liang Shengbao, ndiye huyo mwenyekiti wa ushirika, kijana wa Chama cha Kikomunisti. Anasafiri kununua mbegu za mpunga za kikundi, analala stesheni, anakula bakuli moja la tambi za senti tano ili asitumie fedha za wenzake. Napenda sana sura hiyo. Ila kila linalomfika kijana huyu linageuka somo la Chama, naye hababaiki hata kidogo.

Baba yake wa kambo, yule Mzee Liang wa kwenye foleni, ndiye anayebabaika. Wakati wa ukame wa mwaka 1929 mzee huyu alimchukua mama mkimbizi pamoja na mtoto wake mdogo, akamlea mtoto kama wake. Ndoto yake ni nyumba yake, shamba lake, mifugo yake. Leo mtoto aliyemlea anahangaikia kaya za wengine! Ugomvi wao hauanzii kwenye itikadi. Unaanzia kwenye chungu cha nyumbani. Mliokulia katika vijiji vya ujamaa hamhitaji nieleze zaidi. Huwezi kumbuni mzee wa namna hii ukiwa ofisini. Amri ileile iliyomtaka mwandishi amtukuze shujaa ndiyo iliyompeleka kwenye ua wa mzee asiyetukuzika.

Wahakiki waliliona hilo. Yan Jiayan wa Chuo Kikuu cha Beijing aliandika kwamba mzee amechorwa vizuri kuliko kijana. Shao Quanlin, kwenye mkutano wa waandishi mjini Dalian, Agosti 1962, aliwatetea wahusika wa katikati, wale wasio mashujaa wala maadui. Na Liu Qing? Mwaka 1963 alijibu kwa ukali, akimtetea shujaa wake. Jibu hilo linaniuma, maana naamini alisema kwa moyo wote.

Mwaka 1964 kumtetea mtu wa katikati kukawa kosa. Shao alifia kizuizini mwaka 1971. Mwaka uliofuata Hao Ran alianza kutoa riwaya ambayo shujaa wake anaitwa Gao Daquan, jina ambalo kwa Kichina linasikika kama "mrefu, mkubwa, mkamilifu". Nafasi ya Mzee Liang ilikwisha.

Liu Qing alipanga juzuu nne. Alifariki Juni 1978, ya pili haijakamilika. Mwishoni mwa mwaka huohuo, wakulima 18 wa Xiaogang, mkoani Anhui, walitia dole kwa siri kwenye karatasi ya kugawana mashamba, kila kaya lake. Ndiyo ndoto ya Mzee Liang, neno kwa neno. Lakini ni yeye huyohuyo aliyelia kwa fahari mbele ya foleni, na kila nikirudi kwenye ukurasa ule nashindwa kuamua kama angetia dole au angewapa kisogo.