Mama wa Brooklyn na miswada yake iliyolala kabatini

Haya jamani, mliosimama kule nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Leo tunamuongelea Velmanette Montgomery, seneta wa New York kutoka Brooklyn, na sio seneta wa kule Washington, huyu ni wa bunge la jimbo pale Albany, watu wanachanganyaga sana hapo.

Kaingia 1985 katoka mwisho wa 2020, miaka 36 hiyo. Ila karibu muda wote chama chake cha Demokrati kilikuwa ndo wachache kwenye seneti, na Albany ukiwa upande wa wachache muswada wako unalala tu kabatini, hata kura haupigiwi. Mpaka 2009 ndo wakapata wingi, tena wa kubanana, na Juni hiyohiyo wenzao wawili wakawageuka seneti ikakwama kama mwezi hivi!

Sasa oneni alichofanya kwenye kaupenyo hako. Mwaka huohuo ikapita sheria inayokataza mfungwa kufungwa pingu akiwa anajifungua. Ndio, pingu, mtu yuko na uchungu kabisa, mi niliposoma mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya.

2010 ikaja ya pili, na hii ndo naipenda zaidi. Kuna sheria ya Marekani nzima ya 1997, inasema mtoto akikaa kwenye malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22, ustawi wa jamii wafungue kesi mzazi avuliwe haki zote juu ya mtoto. Haya, mama kafungwa miaka mitatu, mtoto hajawahi kumgusa kwa fimbo, miezi 15 si inaisha bado yuko ndani? Kuifuta Montgomery hawezi, ni ya shirikisho, ila New York ikawaruhusu ustawi wa jamii wasikimbilie kesi kama mzazi yuko jela au kwenye matibabu ya madawa na bado anamfuatilia mwanae.

Halafu 2017, sheria ya kupandisha umri wa kushtakiwa kama mtu mzima. Mpaka hapo New York na North Carolina tu ndo walikuwa wanamshtaki kila mtoto wa miaka 16 kama mtu mzima, New York hiyohiyo inayojionaga imeendelea! Hao wa 16 wakatolewa huko Oktoba 2018, wa 17 mwaka uliofuata, na yeye mwaka mmoja baadae akafungasha.

Haya, maswali. Dada mwenye mtandio wa kijani, anza wewe.