Chipu haina saa: nilichowaambia wana joging Jumamosi

Haya jamani sogeeni mbele kidogo, wa nyuma mnasikia? Sawa. Naanza na swali ninaloulizwa kila tukitoka kwenye mbio, eti ile chipu nyuma ya karatasi ya namba tunayobandika kifuani inahesabuje dakika zangu. Haihesabu. Haina saa, hizi za kubandika hazina hata betri, wala haijui umekimbia kilomita 5 au 42. Inachokijua ni namba yake tu, basi.

Kazi yote iko kwenye ule mkeka mnaoukanyaga. Ndani kuna antena zinarusha mawimbi ya redio, ukipita juu chipu inadaka nguvu ya hayo mawimbi, inaamka, inataja namba yake, inalala tena. Mashine ya pembeni ndo yenye saa, inaandika namba fulani imepita muda fulani, kompyuta inatafuta jina. Na inaweza kukusoma mara kadhaa kwenye hatua zako mbili tatu, programu ndo inachagua usomaji upi ubaki.

Sasa hapa ndo watu wanajiponza. Mwili wa binadamu ni maji mengi, na maji yanameza hayo mawimbi, ndo maana chipu nyingine zina kisponji cha kuiweka mbali kidogo na kifua. Wewe unakuja unaikunja namba ili jezi ionekane, au unaifunika na jaketi na simu juu yake, matokeo yakitoka huna jina unaanza kuwatukana waandaaji! Zamani ilifungwa kwenye kamba za kiatu, Boston waliitumia 1996 kwenye marathon yao ya 100, watu zaidi ya 35,000, fikiria kuwaandika wote kwa mkono.

Halafu kuna muda wa aina mbili. Tuseme bastola ya kuanzisha mbio imelia saa 12:00:00 asubuhi, wewe uko nyuma kabisa, umeukanyaga mkeka wa kuanzia saa 12:04:10, umemaliza saa 2:00:30. Muda wa bastola, kuanzia ilipolia, ni 2:00:30, wa chipu, kuanzia ulipokanyaga mkeka, ni 1:56:20. Boston, kwenye kufuzu kuingia marathon yao, wanakubali huo wa chipu. Ila kwa sheria za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, muda rasmi ni wa bastola, na mimi naona ni haki, mbio za ushindi anayefika mbele ndo kashinda, siyo mtu aibuke baadaye eti kakuzidi kwa chipu.

Na mikeka ya katikati msiione pambo. Mwaka 2007 kwenye marathon ya Berlin, Roberto Madrazo, yule aliyegombea urais Mexico mwaka mmoja kabla, alimaliza mikono juu anashangilia, wa kwanza kundi la miaka 55. Kwenye rekodi mikeka miwili haina habari zake, na kilomita 15 za hapo katikati kazimaliza kwa dakika 21. Ishirini na moja! Hata bingwa wa dunia haigusi hiyo. Wakamfuta.

La mwisho, ukimaliza usisimame palepale kwenye mkeka kupiga selfi. Chipu yako inaendelea kutaja namba na unawazibia wanaokuja. Piteni, picha mtapigia kule kwenye medali.